Anayetubeba Naye Aangaliwe

 

Katika nyumba nyingi kuna mtu tunayemhangaikia daima, na kuna mtu ambaye hatumhangaikii kabisa. Tunayemhangaikia ni yule mdogo, mwembamba, anayeshikwa na kikohozi kila mvua ikinyesha. Tusiyemhangaikia ni yule mwenye nguvu: baba anayebeba magunia, kijana anayecheza mpira kutwa nzima, shangazi ambaye tangu tumjue hajawahi kulala kitandani kwa ugonjwa. Huyo tunasema, "Yeye hana shida," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwezi huu tungependa kuwasimulia habari za vijana wawili, mmoja mdogo wa umbo na mmoja mwenye nguvu, waliofika juu kabisa katika mchezo wao. Mchezo wenyewe ni wa nchi za baridi, na wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu. Hata hivyo, yaliyowapata vijana hawa yanaihusu kila nyumba.

Mchezo wa wawili

Vijana hao ni Ekaterina Gordeeva, ambaye watu wake humwita Katya, na Sergei Grinkov. Walizaliwa katika nchi iliyokuwa ikiitwa Umoja wa Kisovyeti, na kazi yao ilikuwa kuteleza kwenye barafu wawili wawili.

Kwa wale ambao hawajauona mchezo huu, wachezaji huvaa viatu vigumu vinavyofungwa mpaka juu ya kifundo cha mguu. Chini ya kila kiatu kuna chuma chembamba chenye makali. Uwanja ni barafu tupu, ngumu kama sakafu ya saruji, wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Wapo wanaocheza mmoja mmoja, na wapo wanaocheza mwanamume na mwanamke pamoja, wakifuata muziki. Mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka huku akienda kwa kasi. Mara nyingine humrusha hewani, naye msichana hujizungusha mara mbili au tatu kabla ya kutua kwa mguu mmoja, akienda kinyumenyume. Chini hakuna wavu wala godoro, na kichwani hakuna kofia ngumu.

Kwa hiyo mchezo huu hauchezwi na watu wasioaminiana. Msichana hana budi kuamini kwamba mikono ile itakuwepo, na mwanamume naye hana budi kuwa pale kila mara, siku ya mashindano na siku ya mazoezi, akiwa na furaha au akiwa amechoka.

Kutoka utotoni mpaka dhahabu

Katya alizaliwa Moscow mwaka 1971. Alipokuwa na umri wa miaka minne alianza mazoezi katika klabu ya michezo ya jeshi iitwayo CSKA. Sergei, aliyezaliwa mwaka 1967, wazazi wake wote wawili walikuwa polisi. Yeye aliingia katika klabu hiyo hiyo akiwa na miaka mitano. Mwaka 1982 kocha Vladimir Zakharov aliwaunganisha wawili hao wacheze pamoja. Katya alikuwa na miaka 11 na Sergei miaka 15. Hawakuchaguana wao wenyewe, bali mtu mzima aliona kwamba wangefaana, nao wakatii.

Kuanzia hapo walipanda upesi sana. Desemba 1984 walishinda ubingwa wa dunia wa vijana huko Colorado Springs, Marekani. Machi 1986, mjini Geneva, Uswisi, wakawa mabingwa wa dunia wa wakubwa, naye Katya alikuwa bado na miaka 14. Mwaka uliofuata wakashinda tena. Februari 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mjini Calgary, Kanada, walivikwa medali ya dhahabu. Katya alikuwa na miaka 16. Walishinda tena ubingwa wa dunia mwaka 1989 na mwaka 1990.

Waliowatazama wakati ule walisema jambo moja kwa namna nyingi: wawili hao waliteleza kama mtu mmoja. Lakini nyuma ya uzuri ule kulikuwa na mwili wa msichana anayekua, na mwili huo ulilipa gharama yake.

Novemba 1987, miezi mitatu tu kabla ya Calgary, walikuwa mazoezini. Sergei alikuwa amemwinua Katya, mara chuma cha kiatu chake kikanasa katika shimo kwenye barafu. Katya akaanguka kutoka juu, akagonga paji la uso. Alipata mtikisiko wa ubongo, akalazwa hospitali kwa siku kadhaa. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1989 alipata ufa katika mfupa wa mguu, na kwa sababu hiyo walikosa mashindano ya Ulaya ya mwaka ule.

Somo la kwanza: mtoto anayekua

Hapa tutue kidogo, akina mama, kwa kuwa wengi wetu tuna mabinti na wavulana wanaocheza riadha, netiboli, mpira wa miguu au sarakasi shuleni. Mtoto si mtu mzima mfupi. Mifupa yake bado inarefuka, na sehemu zile zinazorefuka ni laini kuliko mfupa uliokwisha komaa. Ufa wa mfupa kama ule wa Katya hauji kwa pigo moja. Huja kidogo kidogo, pale mguu unapopigishwa chini siku baada ya siku bila kupumzishwa, na huja upesi zaidi kwa mtoto asiyekula vya kutosha.

Kwa hiyo tuangalie dalili. Mtoto anayelalamika maumivu mahali pale pale kwenye mfupa, maumivu yanayozidi akikimbia na yasiyokwisha baada ya siku chache, asiambiwe avumilie. Apumzishwe na apelekwe kupimwa. Binti aliyekwisha vunja ungo ambaye anafanya mazoezi makali, na hedhi yake ikakatika kwa miezi mitatu au zaidi, asikaripiwe wala kushukiwa tu. Huenda mwili wake unasema kwamba chakula anachopata hakilingani na kazi anayofanya, na mifupa ndiyo itakayoumia. Mtoto aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, hata kwa dakika chache, asirudishwe uwanjani siku ile. Akitapika, akisema maneno yasiyoeleweka, akisinzia kuliko kawaida au akiumwa kichwa kinachozidi, aende hospitali bila kuchelewa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hata wakuu wa mchezo huo wa barafu wamekuja kuliona hilo. Juni 2022 chama cha kimataifa cha mchezo huo kilipitisha kanuni ya kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua, kikitaja afya ya mwili na ya akili ya watoto. Kwa kanuni hiyo, Katya asingeruhusiwa kushindana Geneva mwaka 1986, wala Calgary mwaka 1988. Hatusemi hivyo ili kumpunguzia sifa. Tunasema ili mama anayemwambia mwalimu, "Mwanangu apumzike kwanza," ajue kwamba haongei upuuzi.

Mume na mke

Turudi kwa vijana wetu. Kwa miaka mingi Katya na Sergei walikuwa wenzi wa kazi tu. Yeye alikuwa mtoto, naye Sergei kijana. Walipokuwa wakubwa, urafiki ukageuka mapenzi, na Aprili 1991 wakafunga ndoa, wakabarikiwa na kanisani. Septemba 1992 walipata mtoto wa kike huko Marekani, ambako walikuwa wakifanya maonyesho ya kulipwa.

Wengi wangesema basi, wamemaliza. Lakini kanuni zilipobadilishwa ili waliokuwa wakicheza kwa malipo waweze kurudi, wao walirudi mazoezini. Februari 1994, katika Michezo ya Olimpiki ya Lillehammer, Norwei, walishinda dhahabu kwa mara ya pili, miaka sita baada ya ile ya kwanza. Safari hii Katya alikuwa mke na mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Waliofuata nyuma yao ndio waliokuwa mabingwa wa Olimpiki ya mwaka 1992.

Tangu mwanzo, aliyetiliwa wasiwasi alikuwa Katya. Ndiye aliyerushwa, ndiye aliyeanguka, ndiye aliyevunjika. Sergei alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, mtulivu, na kazi yake ilikuwa kubeba. Nani angemtazama mtu kama huyo akasema, huyu apimwe?

Siku ya Lake Placid

Tarehe 20 Novemba 1995 walikuwa Lake Placid, katika jimbo la New York, wakijiandaa kwa maonyesho. Walikuwa mazoezini, muziki ukilia. Katya ameeleza katika kitabu chake kwamba ulifika wakati wa Sergei kumshika kiuno ili amwinue, na mikono ya Sergei haikuja. Alidhani ni mgongo, maana ulikuwa umewahi kumsumbua. Sergei akateleza kidogo, akajishusha taratibu, akalala juu ya barafu. Watu wakakimbia, wahudumu wa dharura wakafika wakajitahidi, akapelekwa hospitali, lakini hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka 28. Katya alikuwa na miaka 24, na binti yao alikuwa na miaka mitatu.

Madaktari walipomchunguza walikuta kwamba mishipa inayoupelekea moyo damu ilikuwa imeziba vibaya, kama ya mtu mzee sana. Tena walikuta kwamba moyo ulikuwa umekwisha pata shambulio jingine muda mfupi kabla ya siku ile, bila watu kutambua. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani waligundua kwamba Sergei alikuwa amerithi umbile fulani la jeni linalofanya chembe zinazogandisha damu zishikane upesi kupita kawaida. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya uzito wa jeni hiyo peke yake. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuhitaji maabara: baba yake Sergei naye alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo, miaka michache tu kabla ya mwanawe, wala hakuwa amefika uzee.

Somo la pili: historia ya ukoo

Sisi tunaohudumu wodini huwauliza wagonjwa na ndugu zao swali moja ambalo wengi huliona la ajabu: "Katika ukoo wenu, nani alikufa ghafla, na alikuwa na umri gani?" Mara nyingi watu hutazamana. Kisha mmoja anakumbuka baba mdogo aliyeanguka shambani. Mwingine anakumbuka kaka aliyelala salama na asubuhi hakuamka. Vifo hivyo vimekuwepo miaka yote, ila havikuwahi kuwekwa pamoja vikatazamwa.

Na tuseme wazi, kwa upendo. Kwetu mtu mwenye nguvu akianguka ghafla, wengi huanza kutafuta aliyemroga. Majirani hugombana, wajane hunyooshewa vidole, na miaka inapita. Wakati huo huo, wana wa marehemu wanatembea na mishipa ile ile ya baba yao, na hakuna aliyewaambia wakapimwe. Uchungu wa msiba ni mkubwa, tunauelewa. Lakini tukitafuta mchawi, tunawaacha walio hai bila ulinzi.

Basi tufanyeje? Kwanza, chukueni daftari mwandike. Jioni moja, baba na mama waketi na wazee, waandike majina ya babu, bibi, wajomba, shangazi, kaka na dada waliotangulia, umri wao na kilichowaua, kama kinajulikana. Ikiwa baba au kaka alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, hata kama ninyi wenyewe hamsikii kitu.

Pili, mwenye nguvu naye apimwe. Presha ya damu haina maumivu. Mtu anaweza kuwa nayo huku akibeba magunia. Kipimo chake ni cha dakika chache, na zahanati nyingi zinacho. Mtu mzima apimwe hata kama anajisikia mzima, na mwenye historia ya moyo katika ukoo apimwe pia sukari na mafuta yaliyomo katika damu. Kama anavuta sigara, hilo ndilo la kuacha kwanza.

Tatu, tusidharau dalili. Maumivu au uzito kifuani wakati wa kupanda mlima au kufanya kazi ngumu, ukitulia anapopumzika. Maumivu yanayokwenda kwenye mkono, taya au mgongo. Kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, na jasho baridi. Sisi wanawake dalili zetu wakati mwingine huwa uchovu mwingi na kichefuchefu kuliko maumivu ya kifua. Na kijana yeyote anayezimia akiwa anakimbia au anacheza asirudi uwanjani mpaka daktari amsikilize moyo. Kuzimia mchezoni si jambo la kumwagiwa maji na kuendelea.

Nne, tujifunze msaada wa kwanza. Mtu akianguka, haitiki, na hapumui kama kawaida, piga kelele msaada uje na gari litafutwe. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua chake, bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Si kila mara huokoa, kama tulivyoona kwa Sergei, ambaye alihudumiwa na watu waliofunzwa. Lakini usipofanya kitu, moyo uliosimama hauna tumaini. Umoja wa akina mama kanisani unaweza kumwita mhudumu wa afya Jumamosi moja akaja kuwafundisha.

Tunajua mtakayoulizwa nyumbani. Mume atasema, "Mimi nina nini? Unaniombea ugonjwa?" Msigombane naye. Mwambieni kwamba nyumba nzima imeegemea mabega yake, na kwamba mtu huikagua nguzo ya nyumba kwa sababu anataka nyumba isimame. Wengine wamefaulu kwa kwenda wote wawili pamoja, mke akapimwa kwanza na mume akafuata. Maandiko yanatufundisha kuchukuliana mizigo. Tusidhani kwamba agizo hilo linawahusu wanyonge tu. Anayebeba wengine naye ana mzigo wake, na pengine hauonekani.

Katya peke yake

Baada ya mazishi huko Moscow, wengi walidhani Katya hatavaa tena viatu vile. Tangu umri wa miaka 11 hakuwa ameshindana bila Sergei. Kila hatua aliyoijua iliwahusu watu wawili. Lakini tarehe 27 Februari 1996, mjini Hartford, Marekani, wachezaji wenzao walikusanyika kumkumbuka Sergei, naye Katya akaingia kwenye barafu mbele ya maelfu ya watu, peke yake. Hapakuwa na wa kumwinua. Aliteleza mpaka muziki ukaisha. Mwishoni binti yao mdogo alikuwepo kumpokea. Mwaka ule ule alitoa kitabu juu ya maisha yao, na kwa miaka iliyofuata aliendelea kucheza peke yake na kumlea mwanawe.

Tunawakumbuka wajane wanaosoma ukurasa huu. Wengine wenu mlizoea kuinuliwa na mikono fulani, na leo haipo. Hatuwaambii msilie. Tunawaambia kwamba Mungu anawaona mkijifunza kutembea upya, na kwamba kanisa lina wajibu wa kuwa karibu nanyi hata baada ya arobaini.

Na kwa wale ambao mikono hiyo bado wanayo, mwezi huu ufanyeni mwezi wa daftari na kipimo. Mtazameni yule ambaye kila siku mnasema hana shida. Mwiteni kwa jina, mkaeni naye, mwulizeni kama analala vizuri na kama kifua kinambana akipanda mlima. Kisha ombeni pamoja, na asubuhi mwende zahanati.

Bwana awalinde ninyi na wote wanaowabeba. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.